Theluji Isiyokuwa ya Kazini

Iko Ijumaa moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Kila msimu wa baridi ukiingia hapa Dubai, watu wakianza kuvaa majaketi kwa kibaridi ambacho mtu wa Lushoto hata shuka hajifuniki, Ijumaa hiyo hunirudia yote kama ilivyokuwa. Wikendi wakati ule ilikuwa bado Ijumaa na Jumamosi. Nami nilikuwa bado msichana, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa kucheka.

Siku hizi nakaa International City, kwenye jengo ambalo nusu ya wapangaji huniita Mama Mwanaidi na nusu huniita Bi Mkubwa. Nakaribia miaka hamsini. Kwetu Tanga mwanamke wa umri wangu bado anaposwa, lakini mji huu umejaa vijana mno, mtu mwenye mvi tatu hupishwa kiti kwenye basi la kwenda metro. Sikatai. Nakaa nakishukuru kiti.

Juzi walikuja vijana watatu sebuleni kwangu kula pilau, wakanionyesha kwenye simu picha za milima myeupe. Wanapanga kwenda Jojia, ile nchi jirani na Uturuki, wakapande mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, siku moja na kurudi. Mmoja wao anafanya kazi ukumbi wa theluji, na wenzake wanamtegemea yeye kwa kuwa ndiye anayeijua theluji. Waliponiuliza mbona nimenyamaza, nikasema naenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa limezimwa zamani. Nilisimama kule nikalia, kisha nikanawa uso nikawaletea matunda. Haya ninayoandika nilipaswa kuwaambia palepale. Basi wasome, na wewe usiyewajua usome pamoja nao.

Nilipokuja Dubai nilipata kazi kwenye ukumbi wa namna hiyohiyo, theluji ndani ya jumba, nje joto la kukaanga yai. Kazi yangu ilikuwa kugawa viatu vya skii, vile vizito vya plastiki, na kuvipokea vikirudi na harufu za miguu ya mataifa yote. Nililala mtaa wa Karama, wasichana sita chumba kimoja, na niliona nimefika. Pale kazini nikapata marafiki wawili. Wa kwanza Njoroge, Mkenya, mrefu, mwenye maneno mengi. Yeye aliendesha mashine kubwa ya kusawazisha theluji. Wa pili Salimu.

Salimu alizaliwa hapahapa Dubai. Babu yake alitoka Unguja zamani, na nyumbani kwao hawakuiacha lugha. Salimu alizungumza Kiunguja kitamu kuliko sisi tuliozaliwa pwani yenyewe. Alikuwa mwalimu wa skii. Watoto wa matajiri walimlilia wakati wa kuondoka, na mama zao walimwita Sir, jambo ambalo Njoroge alilifanyia mzaha kila siku. Baba yake alikwisha kufariki. Alikuwa peke yake kwa mama yake, Bi Zuhura, wakikaa mitaa miwili tu kutoka chumbani kwetu.

Bi Zuhura alikuja mara moja kumtazama mwanawe kazini. Tulimvalisha jaketi la kukodisha, akakaa kwenye benchi amejikunja, buibui limetokeza chini ya jaketi. Salimu akashuka kwa madaha yote mbele yake. Bi Zuhura akaniinamia sikioni: "Mwanangu, baridi hii watu wanailipia? Sisi twaikimbia." Tulicheka mpaka msimamizi akatuangalia vibaya.

Sasa nikueleze desturi ya kazi yetu, maana bila kuijua hutaelewa kilichotupata. Pale ukumbini theluji yenye mikwaruzo na mabonge ni theluji iliyochoka, haijapitiwa, na mteja huvunjika mguu hapo. Theluji laini isiyo na alama ni salama, kwa sababu Njoroge ameipitisha mashine na msimamizi ameikagua. Kisha kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, mtu mmoja hushuka kwanza peke yake ili kuufungua mteremko. Mtu huyo alikuwa Salimu. Akifika katikati huinua fimbo yake ya skii juu na kusema kwa sauti, "Khalas, safi," yaani imekwisha, pako safi. Hapo sisi wengine tunaruhusiwa kumfuata, tukapata dakika zetu chache za kuteleza bure kabla ya wateja. Hivyo ndivyo nilivyojifunza skii, nyuma ya mgongo wa Salimu. Nilimfuata kila asubuhi na hakuna siku niliyoumia.

Salimu alikuwa na hamu moja. Wateja wa Kizungu walikuwa wakimwambia, bila ubaya, kwamba theluji yetu ni ya friji. Yeye alitabasamu, lakini lilimwingia. Siku moja tukinywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, nje ya mgahawa wa Karama akasema, "Mie nafundisha watu theluji, na sijaiona ikishuka." Alisema kwa sauti ya mtu anayeona haya. Njoroge akamjibu, "Basi twende tukaione, buda. Si ni masaa matatu tu kwa ndege?" Mambo mengi ya ujana huanza hivyo, kwa neno la kumpoza rafiki.

Tukaomba ruhusa, tukapewa. Bi Zuhura akatukaangia visheti vya safari, akamwekea mwanawe soksi za sufu, akasoma dua mlangoni. Hakuwa na wasiwasi. Kwake yeye theluji ilikuwa ni ile aliyoiona, yenye benchi na walinzi, na mwanawe ndiye mwalimu wake. Hata sisi, kwa kweli, tuliamini hivyohivyo.

Tulikwenda hukohuko Jojia, tukafikia kijiji kidogo chini ya mlima, nyumbani kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akipokea wageni. Alikuwa mfupi, mpana, amefunga kitambaa kichwani kama bibi yangu wa Pangani, na hakujua Kiingereza wala Kiarabu, sisi nasi hatukujua lugha yake. Tulielewana kwa mkate na supu. Asubuhi ile ya Ijumaa tulipotoka uani, mawingu yalikuwa chini na theluji ikaanza kushuka, chembe chache, polepole. Salimu akasimama katikati ya ua ameinua uso. Zilimshukia kwenye kope na ndevu zake changa, akabaki hivyo mpaka Njoroge akamwambia supu yake imepoa. Nimeona watu wengi wakifurahi hapa Dubai, siku ya mshahara, siku ya viza, siku ya tiketi ya nyumbani. Sijaona furaha kama ile.

Mawingu yalipopanda, mlima ukaonekana wote. Tulikuwa tumekodi skii zinazobandikwa ngozi chini yake, ili mtu aweze kupanda nazo bila kurudi nyuma. Ukifika juu unazibandua, unateremka. Tulitaka kufika kwenye mwanya ulio kati ya vilele viwili, tupige picha, turudi kabla ya alasiri. Bibi alitutoa mpaka nyuma ya nyumba. Akaonyesha kwa kidole mgongo wa mawe uliopanda upande wa kulia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaonyesha bonde jeupe lililo kushoto, akakataa kwa kichwa, kwa mkono, kwa uso mzima. Akamshika Salimu kifundo cha mkono, akarudia tena, mawe ndiyo, bonde siyo. Salimu akaubusu mkono wake kama alivyokuwa akiubusu wa mama yake. Bibi akamwachia.

Mwanangu, sikiliza vizuri hapa. Hatukushindwa kumwelewa. Mtu wa lugha yoyote angemwelewa.

Tulipanda asubuhi nzima. Kupanda na skii ni kazi ya subira, unasukuma mguu huu, unasukuma ule, pumzi inakuwa mvuke mbele yako. Mimi nilibaki nyuma, nao walinisubiri kila mahali na kunitania. Salimu aliniita Bi Tanga. Alisema Bi Tanga akifika juu tutakuwa tumeshaota ndevu nyeupe. Jua lilitoka, theluji ikang'aa mpaka macho yakauma, na nilijiona nimebahatika kuliko wanawake wote wa ukoo wetu.

Tulipofika begani mwa mlima tukaona chaguo letu kwa karibu. Ule mgongo wa mawe ulikuwa mbaya. Upepo umeuparura, barafu imeng'ang'ania kwa mabonge, na kupita huko ilibidi tuvue skii tuzibebe begani. Lile bonde la kushoto lilikuwa zuri. Lilikuwa pana, limeinuka taratibu mpaka kwenye mwanya tuliokuwa tukiutaka, na theluji yake haikuwa na alama hata ya mguu wa ndege.

Njoroge aliliangalia kwa jicho la fundi. "Hii imepigwa pasi, walai," akasema. "Hata mimi na ile mashine singetoa kitu smooth hivi."

"Bibi amesema tupite mawe," nikasema.

"Bibi kasema mawe kwa kuwa hupita na mbuzi wake," Salimu akajibu. "Mbuzi havai skii, Bi Tanga."

Tulicheka. Nilicheka na mimi, kwa sababu lilichekesha. Lakini moyo wangu haukutulia, naye Salimu alikuwa mtu wa kusoma nyuso za watu. Ndiyo maana watoto walimpenda. Akaacha mzaha. Akasema kwa upole kwamba yeye atatangulia, na akiona pabaya atageuka. "Nikinyanyua fimbo, mufuate," akasema. "Kama kazini."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wenyeji wa milima ile wanajua kwamba upepo huzoa theluji upande mmoja na kuirundika upande wa pili, ikalala juu juu, laini, haijashikana na ya chini yake. Ile mbaya yenye mabonge, iliyobaki kwenye mawe, ndiyo iliyoshika. Hili nililijua baadaye. Sisi tulikuwa na elimu yetu, nayo ilikuwa ya kweli pale ilipopatikana. Ilituambia palipo laini pamekaguliwa.

Salimu akaingia bondeni. Alikwenda vizuri, bila haraka, akiacha mstari mmoja nyuma yake. Mimi na Njoroge tulisimama ukingoni penye mawe. Nilisikia chini ya theluji mlio mmoja mzito, kama mlango unaofungwa nyumba ya jirani, nikadhani ni mbali. Salimu akafika katikati. Akageuka kututazama, akainua fimbo juu.

"Khalas, safi."

Njoroge alikwisha kusogeza skii yake moja mbele. Kisha juu ya kichwa cha Salimu ukatokea ufa, mrefu, ukakimbia kutoka upande huu mpaka ule, na bonde zima likaanza kutembea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, nami tangu siku ile siutamki usemi huo bila kuusikia mshindo wenyewe. Niliiona fimbo yake kwa muda mfupi. Halafu sikuiona.

Vumbi la theluji lilipotua, chini palikuwa na rundo la mabonge na hakuna mtu. Tuliteremka mbio, tukaanguka, tukainuka. Hatukuwa na vile vidude ambavyo wapanda milima huvaa kifuani ili watafutane wakifukiwa. Kazini havikuwapo, nani afukiwe ukumbini? Tulichimba kwa mikono, tukachimba kwa skii. Theluji iliyotoka kutembea kama maji ilikuwa imeshaganda kama saruji. Njoroge aliita, "Salim, buda, sema kitu," aliita mpaka sauti ikakatika, ikabaki midomo tu inayokwenda. Mimi niliita jina la Mungu na jina la mama yangu. Tulichimba hapa tukaacha, tukachimba pale tukaacha, hatukujua yuko wapi.

Baadaye tukawaona watu wanapanda, wanaume wa kijiji na makoleo na fimbo ndefu. Walipita kwenye mawe. Yule bibi hakuwa ameingia ndani tangu tulipoondoka. Alisimama nyuma ya nyumba akitutazama, naye ndiye aliyepiga yowe. Walichoma fimbo zao chini kwa mpango, safu kwa safu, mpaka fimbo moja ikagusa. Walipomtoa alikuwa kama amelala, mkono mmoja juu ya uso. Walijaribu kumrudishia pumzi kwa muda mrefu. Halafu mmoja wao akavua kofia, nikajua.

Bibi alikuwa amepanda nyuma yao kwa miguu ile mifupi. Akakaa chini, akakiweka kichwa cha Salimu mapajani, akampangusa theluji masikioni na puani kwa ncha ya kitambaa chake. Alilia akijipiga goti kwa kiganja, sawasawa na wanavyolia wanawake wa kwetu. Hakututazama kwa hasira, ingawa alikuwa na haki. Nikasoma nilichokumbuka katika Yasini. Njoroge, Mkristo, alipiga magoti kando yangu kwenye theluji, na kila nilipokwama alisema, "Endelea, dada, endelea."

Safari ya kumrudisha sitaisimulia. Alizikwa hapa Dubai, karibu na baba yake. Siku ya tatu, wanawake wakiwa bado wamejaa sebuleni, Bi Zuhura akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Nilianguka miguuni pake. Alininyanyua akanikalisha kitandani. Hakuniuliza alikufaje, hilo alikwisha kuambiwa. Aliuliza jambo jingine.

"Huko mulikokwenda, palikuwa na mwenyeji?"

"Palikuwa na mwenyeji, mama. Bibi mmoja."

"Alisema neno?"

"Alisema tusipite pale."

"Mulimfahamu?"

Ningeweza kujificha nyuma ya lugha. Mlango huo wa uongo ulikuwa wazi kabisa. Lakini macho ya mama aliyefiwa hayadanganyiki, nikasema tulimfahamu.

Bi Zuhura alikuwa akizikunja na kuzikunjua soksi za sufu ambazo hospitali ilimrudishia. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Basi hamkukosa elimu, mwanangu. Mumekosa adabu. Na mwanangu mie ndiye wa kwanza kuikosa, wala sitomsifu kwa hilo kwa kuwa amekufa. Mtu akuoneshe njia ya kwao, umbusu mkono halafu upite kwengine? Angelikuwa mama yake ndiye aliyemshika mkono, angelipita?"

Nimekemewa na watu wengi maishani, na maarbabu walioniajiri, na mamadamu wao, na wasimamizi wenye midomo michafu. Hakuna karipio lililoniuma kama lile lililosemwa kwa sauti ya chini na mtu aliyenishika mkono. Akaniambia radhi amenipa, na amempa na Njoroge, na kwamba nisije kwake kulia kutaka radhi tena. Nije kula, akasema. Nikawa naenda kula kila Ijumaa.

Njoroge hakudumu. Alijaribu kurudi kwenye mashine yake, lakini kila akiusawazisha mteremko alishuka akatapika. Akarudi Kenya, ana shamba la viazi, na kila Krismasi hunipigia. Huwa anaongea kuhusu viazi mpaka vocha inakaribia kwisha, halafu anauliza kama nimepita makaburini. Namwambia nimepita. Anasema sawa, dada.

Miaka michache ikapita, na Ijumaa moja Bi Zuhura akaniambia anataka kwenda tena kule ukumbini. Nilishtuka. Nilikuwa nimeshaacha kazi ile, lakini nilimpeleka. Tukavaa majaketi, tukaingia. Watoto walikuwa wakiteleza na kuanguka, mwalimu mwingine akiwanyanyua. Bi Zuhura akavua glavu, akainama kwa shida, akaiokota theluji kidogo kiganjani.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Siyo hii, mama. Hii ni ya kazini."

Aliitazama ikiyeyuka. "Na ile inayoshuka mbinguni, aliiona?"

Nikamwambia aliiona. Nikamweleza ua wa yule bibi, na uso wake Salimu alivyouinua, na chembe zilivyomkaa kwenye kope. Sikuwa nimewahi kumsimulia hilo. Nilidhani litamwongezea uchungu. Bi Zuhura akasema alhamdulillah, mara nyingi, na machozi yakamtoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia mbele yangu. Naye sasa ametangulia, amelazwa si mbali na mwanawe.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii usiende. Nenda ukaione ikishuka. Ni nzuri, na Mungu hakuiumba kwa ajili ya watu wa huko peke yao. Ninachokwambia ni kwamba kila ujuzi una nyumba yake. Ulichojifunza kazini umekitolea jasho, usikidharau, lakini ukitoka nje ya mlango huo jua kwamba umekuwa mwanafunzi tena. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wahenga. Nami naongeza, usisafirie hata nyota yako mwenyewe ya mahali pengine. Ufikapo ugenini, iwe mlimani, iwe jangwani, iwe nyumba ya tajiri yako mpya, mtafute mwenyeji, na akikwambia neno ulifuate hata kama huoni sababu yake. Usimpime kwa nguo zake wala kwa lugha asiyoijua. Akikushika mkono, simama.

Na katika kundi lenu, yule moyo wake ukisitasita msimfute kwa utani. Utani wetu sisi watu wa pwani ni mtamu, lakini umezima maneno mengi yaliyokuwa na haki ya kusikilizwa. Kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimekaa penye kilio hicho, na nakuapia, mama hashiki ushujaa wa mwanawe akaulaza kitandani. Kama njia ya salama ni mbaya, ya mabonge, ya kubeba mzigo begani, ibebe. Kama hata hiyo haipitiki, rudini. Mkirudi mapema hakuna atakayewacheka ila nyinyi wenyewe, na kicheko hicho mtakinywea chai.

Wale vijana watatu wamenipigia jana, wanauliza niwakaangie nini cha safari. Nitawakaangia visheti. Nitawapa na jina la kijiji, na nitawaambia wakifika wamsalimu yule bibi kama yu hai, na kama hayupo, wamsalimu mwanamke yeyote mzee watakayemkuta amesimama nyuma ya nyumba yake akiutazama mlima, na wasiondoke mpaka amalize kusema.

Mungu akutangulie, mwanangu, kwa sababu mtu akitangulia haitoshi. Akupe mwenyeji mwema kila uendako, na akupe adabu ya kumsikiliza. Akufumbulie jicho ulione lililo laini kwa ubaya wake na lenye mabonge kwa wema wake. Chochote unachokitamani akuonyeshe, ukione ukishibe. Kisha akurudishe kwa mama yako kwa miguu yako mwenyewe, umsimulie wewe, nisije nikamsimulia mimi.